Alichokosa Kuona Othmar Kinunda

Othmar Kinunda hakuwa anasimulia jambo bila kutaja kwanza sehemu ambayo hakuiona. Ukimwuliza misa ilikuwaje, atakwambia, "Nilichelewa, somo la kwanza sikulisikia," ndipo aeleze mahubiri. Akitoka mnadani: "Upande wa mbuzi sikufika." Akirudi msibani: "Walipoteremsha jeneza nilikuwa nyuma ya watu, sikuona." Watu walimcheka. Mama yake, Bonifasia, alikuwa akimjibu, "Haya, ambayo hukuyaona tumeyasikia. Sasa tuambie uliyoyaona kabla ugali haujapoa."

Hakuacha. Mimi sikumcheka, kwa sababu nilijua tabia hiyo ilianza lini, na nani aliumia kabla haijaanza. Aliyeumia ni mdogo wangu, Albina.

Othmar alizaliwa Matiri, kwenye miteremko ya ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo yaliyopangana mlima mzima kama sega la nyuki. Alikuwa na akili ya hesabu. Alifika Chuo Kikuu, akasomea kompyuta wakati wengi wetu huku tulikuwa hatujaigusa, akaajiriwa Dar es Salaam na shirika moja la umma. Shirika lilipobinafsishwa, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Mwaka 2002 alirudi Mbinga na begi la nguo na boksi la diski.

Wakati huo ushirika wetu ulikuwa hoi. Wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa mjini na malori yao, na mmoja wao alikuwa amefungua kiwanda cha kukoboa kahawa. Kiwanda kilikuwa na mizani mbili, na zote zilikuwa zimeunganishwa kwenye seva moja kuukuu iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika kwingine. Gunia likipimwa, mizani hutuma uzito na namba ya fungu la mwenye kahawa kwenye seva, nayo seva hutoa lebo. Othmar aliajiriwa kuitunza seva hiyo. Albina alikuwa tayari ameajiriwa pale, akibandika lebo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwenye mdomo, na gundi haikumtoka vidoleni.

"Msomi," alikuwa akimwambia Othmar kila asubuhi, "mashine imeitikia shikamoo yako leo?"

"Imeitikia."

"Mimi ikinisalimia nitakimbia. Wewe unakaa nayo tu kama mkweo."

Alimpenda, nadhani. Hilo sina hakika nalo, na Othmar mwenyewe amenifundisha kutosema nisilo na hakika nalo.

Katika msimu wa 2003 kikundi cha wakulima wa Matiri kiligundua kwamba kahawa yao, kahawa safi iliyooshwa vizuri, imetoka kiwandani kwa jina la watu wengine, na kahawa chafu ya watu wengine imetoka kwa jina lao. Ilitokea mara tatu. Mwenyekiti wao, Mzee Pankras, alikuja kiwandani na wazee wanne, akasimama mbele ya meza ya Albina.

"Wewe ni binti wa Matiri," alimwambia. "Nilikuwepo ukibatizwa. Nani amekupa kitu ubadilishe lebo zetu?"

"Shikamoo, babu," alisema Albina. "Mimi nabandika kinachotoka kwenye mashine. Mashine ikiandika Pankras ni maharage, nitakubandika wewe pia."

Hakuna aliyecheka. Angekuwa binti wa kwingine, huenda wangeanza kwa kumwuliza. Kwa kuwa alikuwa wa kwao, walianza kwa kuona aibu, na aibu iliwafanya wakali.

Meneja wa kiwanda, Bwana Cuthbert, alitaka jambo liishe. Alimpa Othmar wiki mbili: athibitishe kama mashine inakosea au haikosei. Kama haikosei, basi ni Albina. Kwa hiyo kwa wiki mbili jina la mdogo wangu lilikuwa mikononi mwa Othmar, na wote watatu tulilijua hilo.

Nilikuwa nafundisha hisabati sekondari. Othmar alikuja kwangu kila Jumapili baada ya misa na makaratasi yake, kwa sababu, alisema, jambo akishindwa kumweleza mtu asiyelijua, maana yake hata yeye hajalielewa. Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi yake.

Ndani ya kila kompyuta, alinieleza, kuna programu kuu inayoitwa mfumo endeshi, na katikati ya mfumo huo kuna kiini. Kiini ndicho kinachopokea kila kitu: herufi iliyobonyezwa, namba iliyotoka kwenye mizani, karatasi inayokwenda kuchapwa. Programu nyingine zote hukiomba. Kosa likiwa kwenye programu ya kawaida, unaisimamisha na kuikagua. Kosa likiwa kwenye kiini, huwezi kukisimamisha, kwa sababu kikisimama mashine nzima imesimama. Bwana Cuthbert alikuwa amekataa mashine isimame hata saa moja, magunia yakiwa yamepangwa hadi barabarani. Na hata angekubali isingesaidia. Othmar alikuwa amejaribu kukiandika kiini upya, kiseme kila kinachofanya, lakini maneno hayo yote yalikifanya kiwe kizito, na kikiwa kizito kosa halikutokea.

"Ni kama mtu anayeiba," alisema. "Ukisimama mlangoni haibi."

"Sasa utafanyaje?"

"Niingie bila kusimama mlangoni."

Alibuni mitego. Kila amri ndani ya kiini ina mahali pake katika kumbukumbu ya mashine. Othmar angeichukua amri moja, pale anapotaka kuchungulia, wakati mashine inaendelea kufanya kazi, aitoe na kuweka mahali pake amri fupi ya kukatiza. Kiini kikifika hapo kinaruka kwenye programu yake ndogo, ambayo inaandika: saa fulani, mizani fulani, namba fulani. Halafu inatekeleza ile amri ya asili kana kwamba haikuguswa, na kiini kinaendelea na safari. Akimaliza anarudisha kila kitu kilivyokuwa. Pasipo na mtego, kiini ni kilekile, hakina hata unyoya wa uzito wa ziada. Nilipenda hilo. Nilimwambia ni zuri kama uthibitisho wa hesabu.

Ugumu ulikuwa kuhifadhi yaliyoandikwa. Programu ile ndogo hairuhusiwi kusubiri chochote. Ikisubiri, kiini kimesubiri, na mashine imekufa. Seva ile ilikuwa na prosesa mbili, yaani bongo mbili za kufanya kazi, na zote mbili zingeandika kwa wakati mmoja. Kama zingeandika mahali pamoja, moja ingelazimika kuingoja nyingine. Hapo ndipo Othmar alipokumbuka kwao.

"Ngolo, dada," aliniambia, akichora. "Kila shimo linashika maji yake. Hakuna shimo linaloliomba jingine ruhusa. Kila prosesa naipa shimo lake."

"Na shimo likijaa?"

"Kwetu likijaa unafanyaje? Unayaacha maji yapite. Ukizuia, ukuta unavunjika na shamba lote linakwenda bondeni. Likijaa, tukio linalofuata lipite. Mashine isisimame."

Nilikubali. Mimi pia nimelima ngolo tangu utotoni. Nilitazama mchoro ule kama mtu anayetazama shamba la nyumbani, nikaona uko sawa, na sikuuliza swali lingine.

Alitega Jumatatu. Hadi Jumamosi jioni mitego ilikuwa imeandika kurasa mia tatu na zaidi. Alizisoma zote, mstari kwa mstari, siku nne. Kila namba iliyotoka mizani ya kwanza ilikuwa imekwenda kwenye lebo ya mizani ya kwanza, na ya pili kwenye ya pili. Katika wiki hiyohiyo, Jumamosi saa nne asubuhi, lebo za Matiri zilikuwa zimebadilishwa tena.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya meneja. Walikuwepo Bwana Cuthbert, Mzee Pankras na wazee wake, Othmar, Albina, na mimi kama dada yake. Othmar aliweka makaratasi mezani. Alikuwa hajalala vizuri, macho yamemwiva.

"Sema," alisema Bwana Cuthbert. "Kwa Kiswahili chetu, siyo cha Chuo Kikuu."

"Nimefuatilia kila namba tangu mizani hadi lebo," alisema Othmar. "Mashine haikukosea."

Albina alimgeukia. Hakuwa na utani usoni.

"Othmar. Umeangalia kote?"

"Nimeangalia kote."

"Na Jumamosi?"

"Na Jumamosi. Albina, ningependa sana iwe vingine."

"Usipende," alisema mdogo wangu. "Ungenyamaza tu ingetosha."

Mzee Pankras alivaa kofia yake. "Mashine ya mzungu haina ndugu," alisema. "Ndiyo maana inasema kweli."

Aliachishwa kazi siku hiyo. Polisi hawakuitwa, na Bwana Cuthbert alitaka tumshukuru kwa hilo. Lakini Matiri si mahali ambapo mtu anahitaji polisi ili ahukumiwe. Jumuiya yetu ya kanisa ilipokuja kusali nyumbani kwa mama, ilikuja siku ambayo Albina hayupo. Sokoni walimuuzia, ila hawakumwongeza hata nyanya moja. Mwezi wa kumi alishuka Ziwa Nyasa, Chiwanda, kwa mama mdogo wetu Luisa aliyeolewa na Mnyasa, mtu wa huko ziwani. Nilimsindikiza hadi kwenye lori. Aliniuliza kama na mimi naamini. Nilimwambia siamini. Akasema, "Unajua hesabu zake, lakini huamini? Basi unanipenda tu. Hiyo hainisaidii." Lori likaondoka.

Mwezi wa kwanza mvua zilinyesha kwa siku tatu mfululizo. Othmar alikuwa Matiri kwa mama yake. Asubuhi mvua ilipokatika, Bonifasia alichukua jembe na kuteremka hadi chini ya shamba, kama wanawake wetu wote wanavyofanya baada ya mvua kubwa, kuzunguka ukingo wa chini. Othmar alimfuata.

"Mama, unatafuta nini?"

"Michirizi. Hapa, unaona? Shimo la juu lilijaa, maji yakapita hapa. Na pale. Kesho nitaongeza kina."

Othmar alisimama akitazama ule mkwaruzo mwekundu kwenye udongo. Bonifasia, ambaye ndiye aliyenisimulia haya, alisema mwanawe aligeuka rangi.

"Una nini?"

"Mama, mashimo yangu mimi hayana michirizi."

"Mashimo gani? Wewe hujashika jembe tangu darasa la saba."

Alikuja kwangu siku hiyohiyo, miguu ina matope hadi magotini. Hakunisalimia.

"Dada, sikuona yote," alisema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo. "Shimo lilipojaa niliyaacha matukio yapite, na sikuweka alama kwamba yamepita. Kurasa zile zinaonekana kamili. Hazikuwa kamili. Sijui yamepita mangapi. Labda hakuna. Labda ni maelfu."

"Yangepita wakati gani?"

"Wakati kazi ni nyingi kuliko siku zote. Mizani zote mbili zikipima kwa pamoja."

"Jumamosi saa nne," nilisema.

Aliketi kwenye ngazi. Tulikuwa watu wawili wa Matiri, tuliolelewa na wanawake wanaozunguka ukingo wa chini kila mvua ikikatika. Tulikuwa tumebeba mashimo tu kutoka shambani na kuwaacha mama zetu kulekule. Mtu asiyewahi kuiona ngolo asingeridhika upesi hivyo. Angeuliza maji yaliyomwagika yako wapi.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kutia hasira. Namba moja kwa kila shimo. Tukio likikosa nafasi, namba inapanda kwa moja, basi. Aliandika hilo kwa dakika kumi, kisha akasubiri miezi sita, kwa sababu bila msimu hapakuwa na kazi ya kutosha kujaza mashimo.

Mwezi wa saba mwaka 2004 alitega tena. Jumamosi ya kwanza yenye foleni, kati ya saa nne na saa nne na robo, matukio elfu arobaini na moja yalipita bila kuandikwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amesoma kurasa zake siku nne akilitazama pengo hilo bila kujua kwamba ni pengo. Aliongeza kina cha mashimo. Halafu akaweka sharti mlangoni mwa kila mtego, uandike yanayohusu njia mbili za mizani tu na kuacha mengine. Jumamosi iliyofuata namba ya yaliyopita ilikuwa sifuri, na katika ukurasa wa kumi na mbili alikuta alichokuwa akikitafuta: mizani zikituma kwa wakati mmoja, kiini kilichanganya foleni, na namba ya mizani ya pili ikakabidhiwa lebo iliyokuwa inangoja ya kwanza.

Alirekebisha kwa mistari mitatu. Mistari mitatu, na mdogo wangu alikuwa anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa Chiwanda.

Alimpelekea Bwana Cuthbert makaratasi. Meneja aliyasukuma kwa kidole.

"Mwaka jana ulisema haikukosea."

"Nilikosea mimi."

"Umeshairekebisha?"

"Nimeirekebisha."

"Basi imekwisha. Kiwanda kinauzwa, Othmar. Mwekezaji anakuja mwezi ujao kukagua. Nikimwambia mashine yangu ilikuwa inabadilisha kahawa za watu, atauliza nini kingine kinabadilishwa hapa. Nenda kanywe chai."

Alikwenda Matiri badala ya kunywa chai. Alimkuta Mzee Pankras uani na wenzake wawili wakichambua kahawa, akaeleza kwa nusu saa: mizani, foleni, mashimo, mchirizi. Walimsikiliza kwa heshima.

"Kwa hiyo kahawa yetu ilikwenda kwa jina la watu wengine," alisema mzee.

"Ndiyo, babu."

"Na hao watu walipokea malipo yake."

"Ndiyo."

"Mashine haili, mwanangu. Aliyekula ni mtu. Nasi tunajua nani alikuwa karibu na gundi." Wenzake wakacheka. "Mwaka jana ulikuja na karatasi, tukakuamini. Mwaka huu umekuja na karatasi nyingine. Tufuate ipi? Au binti amekuandikia barua nzuri?"

Karatasi zote mbili zilitoka mkononi mwake.

Mwezi wa nane tulishuka pamoja Chiwanda, mimi na yeye, kwa lori hadi Mbamba Bay na kutoka hapo tena kwa lori. Albina alikuwa amekonda na amekuwa mweusi kwa jua. Aliendelea kugeuza usipa kwenye chanja wakati Othmar akizungumza. Othmar alieleza yote bila kujitetea hata kidogo. Alipomaliza, Albina alifuta mikono kwenye kanga.

"Mzee Pankras yuko wapi?"

"Hakuja."

"Cuthbert?"

"Hakuja."

"Umekuja kuniambia mimi kwamba sikuiba." Alicheka, na kicheko hicho sikukipenda. "Othmar, mimi nilikuwa nalijua hilo. Wa kuambiwa ni wale."

"Nimewaambia. Hawakukubali."

"Walikukubali haraka sana mara ya kwanza." Akamtazama. "Siku ile nilikuuliza kama umeangalia kote. Ungesema tu, 'Albina, sijui.' Maneno mawili. Ningekuwa na pa kusimama."

Tulikula kwa mama mdogo, tukarudi. Njia nzima Othmar alisema jambo moja tu. Dereva alimwuliza kama ziwa lilikuwa limetulia. "Upande wa kusini sikutazama," alimjibu.

Kiwanda kiliuzwa. Mwekezaji alileta mashine zake na watu wake, na seva ile ikatupwa stoo pamoja na mitego iliyokuwamo. Othmar alifungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Siku moja alirudi kutoka Songea, alikokwenda kwenye mtandao, akaniambia amesoma kwamba huko ng'ambo kampuni kubwa zimetengeneza kitu kama chake, kizuri zaidi, na kinahesabu yaliyopotea.

"Tangu mwanzo?" niliuliza.

"Hapo sikusoma vizuri, umeme ulikatika," alisema. "Lakini nadhani tangu mwanzo."

Figo zilimwangusha mwaka 2008. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Nilimwandikia Albina, naye alipanda kutoka Chiwanda na mtoto mgongoni, kwani alikuwa ameolewa. Alifika hospitali mchana wakati Othmar amelala usingizi wa dawa. Aliketi ukingoni mwa kitanda kwa muda wa saa moja hivi. Kisha akaondoka, kwa kuwa lori la Mbamba Bay lilikuwa moja tu na lilikuwa linaondoka.

Jioni nilipompelekea uji nilimwambia nani alikuja. Alifumba macho, nikadhani amelala tena. Halafu akanishika mkono.

"Mwandikie, dada," alisema. "Mwambie nilikuwa nimelala, sikumwona. Asije akadhani nilimwona nikanyamaza."